Niliamka siku ya tatu, mtoto keshazikwa

Shikamoo Bibi Mkunga,

Nina miaka 26, naishi Muheza na mume wangu pamoja na mama yake. Nakuandikia usiku wenzangu wakiwa wamelala, maana jambo lenyewe hapa nyumbani halizungumzwi.

Miaka miwili iliyopita nilibeba mimba yangu ya kwanza. Mama mkwe aliniambia mimba haitangazwi mpaka ijitangaze yenyewe, kwa hiyo kliniki nilianza miezi mitano imeshatimia. Nilikwenda mara mbili tu. Mara ya pili mashine ya presha haikuwa na betri, nesi akajaza kadi akaniambia nirudi mwezi ujao. Kufika mwezi wa nane miguu ikavimba, nikaambiwa huyo mtoto wa kiume. Ikafuata mikono. Pete ya ndoa ikagoma kutoka, mume wangu akaikata kwa koleo aliloazima kwa fundi baiskeli. Uso nao ukajaa, jirani akanitania kwamba ndoa imenikubali. Kichwa kikaniuma siku tatu, nikawa nameza Panadol. Siku ya nne asubuhi nikaona vimulimuli machoni.

Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Nakumbuka kilikuwa kimebaki kifuu kimoja. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Mengine nimeyasikia kwa wifi yangu. Anasema nilianguka, nikakakamaa, nikatetemeka, povu likanitoka. Wakanitia kijiko mdomoni mpaka jino likavunjika. Mama mkwe akasema ni pepo, akaitwa mtu wa kunisomea, ubani ukachomwa. Nikatulia, wakadhani limeondoka. Saa moja baadaye nikaanza tena. Mume wangu ni utingo wa lori, siku hiyo alikuwa njiani anatoka Tunduma, na hakuna aliyethubutu kunitoa nyumbani bila kauli yake. Simu yake ilipatikana mchana. Ndipo nikapakiwa kwenye bajaji hadi kituo cha afya, na kutoka hapo kwa gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa. Tulipofika, chumba cha upasuaji kilikuwa na mtu, nikalazwa kwenye korido kwa muda wa karibu saa mbili.

Niliamka siku ya tatu. Tumbo limeshonwa, nina mpira wa mkojo, matako yote mawili yanauma kama nimechapwa, na kijana mmoja ananigonga gotini kwa kinyundo. Nikauliza mtoto yuko wapi. Yule kijana akaangalia pembeni. Baadaye nesi mmoja akanijibu akiwa anabadilisha dripu: "Nyinyi mnakaa na wagonjwa wenu majumbani, mkiona wanakufa ndiyo mnatuletea sisi." Mtoto alikuwa wa kike, kilo moja na nusu, aliishi siku moja. Walimzika mimi sijitambui. Sikumwona.

Nilitoka na karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa Kiingereza kwa mwandiko wa daktari. Nimeiweka kwenye mfuko wa rambo chini ya godoro pamoja na kadi ya kliniki. Mpaka leo hakuna aliyenieleza nilikuwa naumwa nini.

Sasa nina mimba tena, wiki 11 kwa hesabu yangu. Mume wangu amefurahi. Mama mkwe anataka tuende kwa fundi mmoja upande wa Pangani anifunge mimba, kisha ninyamaze mpaka mwezi wa tano, na safari hii nizalie kwa mkunga wa kijijini kwa sababu anasema hospitali ndiyo iliyomla mjukuu wake. Mimi mwenyewe hospitali ile siitaki hata kuiona. Nikipita na daladala mbele ya geti nageuza uso. Lakini usiku taa ikizimwa naona vimulimuli vile vile, nashtuka nakaa.

Bibi, ni pepo au ni ugonjwa? Kitanirudia? Safari hii nitakufa? Na mama mkwe nimwambie nini, maana ni mtu mzima na amenilea kama mwanawe?

Mke wa utingo, Muheza

*

Marahaba mwanangu. Pole. Nakupa pole ya mtoto kwanza, kwa sababu nimeisoma barua yako mara tatu na sijaona mahali unaposema kuna mtu aliyekupa.

Ni ugonjwa. Nenda kainue hilo godoro, itoe karatasi, utafute neno Eclampsia. Nadhani utaliona, pengine limeandikwa ovyo, pengine limefupishwa, lakini litakuwepo. Sisi tunauita kifafa cha mimba. Uso na mikono kuvimba, kichwa kisichosikia Panadol, vimulimuli, halafu degedege: umeniandikia ukurasa mzima wa kitabu cha ukunga bila kujua.

Jina hilo la Kiswahili, nikwambie kweli, silipendi. Limetuharibia kazi. Mtu akisikia kifafa anafikiria yule kijana wa mtaani anayeanguka kila mwezi mwandamo, na akifika hapo keshafika kwa pepo. Ugonjwa wako hauna undugu na kifafa kile. Wenyewe unaanzia kwenye kondo la nyuma, mapema kabisa, wakati mimba bado hata haijaonekana. Mishipa ya kizazi inayolilisha kondo inatakiwa itanuke iwe mipana. Kwa baadhi yetu haitanuki vya kutosha. Kondo likikosa damu linaanza kumwaga kwenye mwili wa mama vitu vinavyojeruhi mishipa yake kila mahali. Presha inapanda. Figo zinavuja protini kwenye mkojo, maji yanahama kwenye damu yanakwenda usoni na mikononi, ini linavimba (ndiyo yale maumivu chini ya chembe ya moyo ambayo wengine huyadhani ni vidonda vya tumbo), na ubongo ukizidiwa mtu anaanguka. Hakuna aliyekuroga. Hakuna ulichokula. Na si kwamba ulikuna nazi ukiwa na mimba, kama kuna mtu ameshakwambia hilo.

Umeona nilivyosema, unaanza mapema, mimba ikiwa bado haijaonekana? Shika hapo, kwa sababu jibu langu lote limesimama juu ya hizo wiki 11 zako.

Mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba anatakiwa aanzishiwe aspirini ndogo kila siku, kwa kawaida miligramu 75 mpaka 150, kuanzia wiki ya 12 au muda mfupi baada ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema ianzishwe kabla ya wiki ya 20. Kazi yake ni kulisaidia kondo wakati linajenga mishipa yake. Ukichelewa kuanza, faida yake inapungua sana. Sasa hesabu na mimi: mwezi wa tano anaousema mama mkwe ni wiki ya 20. Ukikaa kimya mpaka mwezi wa tano, unafika kliniki mlango wa dawa hiyo ukifungwa. Kuficha mimba ni mila ya kukinga jicho baya, nami nimekulia humo humo, lakini kwa mtu mwenye historia yako kila wiki ya kunyamaza ina gharama.

Usiende kujinunulia, tafadhali. Aspirini ya dukani ya kutuliza maumivu mara nyingi ina miligramu 300, si hiyo. Lazima mtu akuulize kama una vidonda vya tumbo au pumu, akupime, akuandikie, na ndiye atakayekwambia uache lini mimba ikikaribia kutimia. Uliza pia kuhusu vidonge vya kalisiamu. Sisi tusiopata maziwa mengi vinatusaidia, gramu moja na nusu mpaka mbili kwa siku, ila usivimeze pamoja na vile vya kuongeza damu. Achanisha kwa saa kadhaa, maana vikikutana vinazuiana. Na kula dagaa pamoja na mifupa yake. Ama hiyo habari ya kitunguu saumu na maji ya ndimu kushusha presha ya mimba, nimeisikia miaka 34 niliyokaa leba na sijaona presha hata moja iliyoshuka.

Kwa hiyo wiki hii unakwenda kliniki, kabla ya Ijumaa. Beba kadi ya zamani na karatasi ya kuruhusiwa. Kabla hujaulizwa jina la balozi wala tarehe ya mwisho ya hedhi, sema: "Mimba iliyopita nilipata kifafa cha mimba, nikapasuliwa." Liwe neno la kwanza kutoka mdomoni mwako, na ulirudie kwa kila mtu mpya utakayemkuta, hata kama umechoka kulisema. Zamu zinabadilika, mafaili yanapotea, nesi wa leo si wa juzi. Ukisema hivyo hutapangiwa tarehe kama wengine. Utaonekana na daktari, na mahudhurio yako yatakuwa ya karibu zaidi, mwishoni pengine kila wiki.

Kila ukienda lazima upimwe presha na mkojo. Namba mbili uzikariri kama namba ya simu ya mumeo: 140 kwa 90, hapo presha ya mimba imeshaingia, 160 kwa 110, hapo ni dharura na hulali nyumbani. Zipo dawa za presha zisizomdhuru mtoto, metildopa na nifedipini, wala usiogope ukiandikiwa. Kuhusu ile mashine isiyo na betri, iliniuma kuisoma. Hiyo siku kadi yako ilijazwa, lakini hukupimwa. Safari hii ukikuta mashine imekufa, usiondoke. Kaa kwenye benchi, useme kwa adabu kwamba una historia ya kifafa cha mimba na hutoki bila kupimwa. Mashine nyingine itatoka wodini, nakuhakikishia, huwa iko. Na kama mumeo ana uwezo, mashine ndogo ya mkononi ya kupimia nyumbani ni hela nzuri kuliko hiyo atakayompelekea fundi. Ukiipata, ipeleke kliniki wailinganishe na ya kwao.

Kitarudi? Siwezi kukuapia kwamba hakitarudi. Walio wengi hawapati tena. Katika watano kama wewe, takribani mmoja au wawili hurudiwa na presha ya mimba ya aina moja au nyingine, mara nyingi ikiwa nyepesi kuliko ya kwanza, na degedege lenyewe kurudi ni jambo la nadra zaidi, hasa mtu akifuatiliwa. Kufa? Mwanangu, wanawake wa nchi hii walikuwa wanakufa kwa uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000, hiyo ni kwa utafiti wa mwaka 2015/16. Ule wa 2022 ukakuta 104. Waliobaki katika hao 104, wengi wanaondoka na damu au na huu ugonjwa wako, na wengi wangepona kama wangefika mapema. Wewe ulifika umechelewa, na bado ulipona. Safari hii unaanza wiki ya 11.

Nije kwenye hospitali yako. Nimeliacha kwa makusudi, maana hapa sina mikono misafi.

Yale maneno ya nesi, nimewahi kuyasema. Si hayo hayo, lakini ndugu zake. Ilikuwa usiku wa zamu yangu peke yangu na mwanafunzi mmoja, kina mama wanne wana uchungu na vitanda viwili, akaletwa binti anadegedeka amefungwa khanga mdomoni. Nilimfokea mama yake mbele ya watu. Binti alipona. Mama yake hakunisalimia tena mpaka wanaruhusiwa, na alikuwa na haki. Uchovu unaeleza kwa nini mtu amesema, haumfutii alichosema. Ulipouliza mtoto yuko wapi, ulistahili mtu avute kiti, akae, akwambie kwa jina lake na kwa taratibu. Hilo ni sehemu ya matibabu kama dripu. Ukipenda kulipeleka mbele, muone muuguzi mkuu wa hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii, useme tarehe na wodi. Hata baada ya miaka miwili. Ukipenda kuliacha, liache, si wajibu wako.

Lakini wapo wengine mle ndani ambao hukuwaona kwa sababu ulikuwa umelala, nami nataka uwajue. Matako yako yaliuma kwa sababu ulichomwa salfeti ya magneziamu. Ni gramu tano kila upande kwa kuanzia, sindano nene yenye dawa nyingi, halafu sindano moja ya gramu tano kila saa nne, upande huu kisha ule, mpaka saa 24 zipite tangu degedege la mwisho au tangu kujifungua. Hakuna mgonjwa anayeipenda. Ndiyo iliyozima degedege lako. Ikizidi mwilini inalegeza misuli mpaka ya kupumua, kwa hiyo kabla ya kila sindano mtu anahesabu pumzi zako, anaangalia mkojo kwenye mfuko, na anakugonga goti aone kama mguu unaruka. Yule kijana mwenye kinyundo alikuwa anakulinda usizidiwe na dawa. Nakisia alikuwa mwanafunzi. Aliangalia pembeni kwa sababu hakuna aliyemfundisha la kusema. Tunawafundisha kugonga goti, hatuwafundishi hilo.

Zile saa mbili za korido nazo siwezi kuzipaka rangi. Pale kwenye vikao vyetu vya kupitia kina mama waliofariki, na wale walioponea chupuchupu kama wewe, tulikuwa tunahesabu ucheleweshaji sehemu tatu: nyumbani, njiani, na ndani ya geti la hospitali. Wakubwa walipenda sana kuishia ule wa kwanza, kwa sababu aliyekosa hapo hayupo kikaoni kujibu. Wewe ulicheleweshwa zaidi ya sehemu moja. Nyumbani ulicheleweshwa na ubani na simu isiyopatikana, kliniki ulicheleweshwa na betri, hospitali ulicheleweshwa na chumba kimoja cha upasuaji. Mama mkwe akisema hospitali imemla mjukuu wake, ana kipande cha ukweli mkononi. Ila si kipande chote.

Sasa uzalie wapi? Kwa mkunga wa kijijini, hapana, na hapa sibembelezi. Una kovu kwenye kizazi. Kovu linaweza kufumuka wakati wa uchungu, na kondo la mimba hii linaweza kujibandika juu yake likagoma kutoka. Yote mawili yanataka chumba cha upasuaji na damu palepale. Mkunga wa jadi hata awe na mkono mwepesi namna gani hana chupa ya damu kabatini. Zaidi ya hapo watakupa "dawa ya kuongeza uchungu", na hiyo juu ya kovu sitaki hata kuifikiria. Lakini si lazima iwe hospitali ile ile. Kama kuna nyingine yenye upasuaji na akiba ya damu unayoweza kuifikia, muombe daktari wa kliniki akuandikie rufaa ya huko mapema, ukiwa mzima. Na kama ni ile ile tu iliyopo, nenda siku moja ukiwa huumwi chochote, na wifi yako, mwombe muuguzi wa zamu akuonyeshe leba na mahali utakapolazwa. Wengine watashangaa. Wengine watakutembeza. Nimewatembeza wanne au watano hivi katika maisha yangu, na kila mmoja alilia alipofika mlangoni, kisha akaingia.

Utakuta pia mambo yamesogea. Zamani damu ya mzazi tulikuwa tunaikadiria kwa macho, na jicho lililokesha ni chongo. Linaona kikombe mahali penye lita. Siku hizi kuna mfuko wa plastiki wenye alama unaowekwa chini ya mama anayejifungua kwa njia ya kawaida, damu inaingia humo, namba inasomeka, na dawa zote zinaanza kwa pamoja badala ya kujaribiwa moja moja. Walipoujaribu katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, majibu yakatoka 2023, hali mbaya za kutokwa damu zilipungua kwa asilimia 60. Miaka yangu hatukuwa na mfuko. Tulikuwa na ndoo.

Mama mkwe usimpinge mbele ya watu, wala usimwambie alikuua mtoto, hata siku utakayokuwa na hasira hiyo. Naye alifiwa. Msubiri akiwa ametulia, kaa chini yake mkekani, umwambie: "Mama, dua yako naitaka, nisomee kila siku. Lakini mwili wangu una ugonjwa ulioandikwa kwenye karatasi hii, na dawa yake inaanza sasa, si mwezi wa tano. Naomba unisindikize kliniki." Mpe yeye kazi ya kukusindikiza. Aone mashine ikimfunga mkono, na apimwe yeye mwenyewe. Wazee wengi hugundua presha yao siku hiyo hiyo, na kuanzia hapo hatabishana tena na mashine. Fundi wa Pangani akisoma dua na kuvukiza nje ya mlango sina ugomvi naye, lakini hunywi chochote chake, hata kijiko.

Kwa mumeo kuna mambo matatu, na umwambie nimesema Bibi. Aondoe leo sharti la kauli yake, aseme mbele ya mama yake na dada yake kwamba ukipata dalili yoyote unatolewa nyumbani, yeye ataarifiwa baadaye. Namba 115 iandikwe ukutani jikoni. Ni ya m-mama, haina malipo, inaita usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga, na gari la wagonjwa lisipokuwepo hutumwa dereva wa jamii. Kisha aongee na bosi wake kuhusu safari za mwezi wa nane na wa tisa, na wapatikane ndugu wawili watatu walio tayari kuchangia damu. Mkajue makundi yenu mapema.

Wifi yako, aliyekuwa na macho siku ile, mfundishe yeye. Mtu akidegedeka analazwa kwa ubavu wa kushoto, vitu vigumu vinaondolewa karibu, mdomoni haingizwi kitu, si kijiko, si khanga, si maji, na gari linaitwa degedege la kwanza, lisisubiriwe la pili. Pole ya jino.

Ukishajifungua, usikimbilie nyumbani. Huu ugonjwa unaweza kushika hata baada ya mtoto kutoka, hasa siku mbili za kwanza, na mara chache hata wiki kadhaa mbele. Nimewahi kumpokea mama siku ya saba, bado ana rangi ya hina miguuni, wenyewe wanasema ni uchovu wa kunyonyesha. Kichwa kikali, macho kuona ukungu, maumivu chini ya chembe ya moyo, pumzi kubana: unarudi hospitali, hata kama ni siku ya arobaini na watu wamejaa ukumbini. Na presha yako upime kila mwaka maisha yako yote, maana aliyepita huku moyo wake unahitaji kuangaliwa zaidi.

Kuhusu vimulimuli vya usiku: mwambie daktari siku hiyo hiyo ya kwanza, kwa sababu mbili. Ya kwanza, apime presha ajue si vya kweli. Ya pili, kama si vya kweli, ni hofu iliyobaki mwilini, na hiyo nayo inatibika kwa kuzungumza na mtu aliyesomea. Huna wazimu. Uliondoka kwenye mbuzi ya nazi ukaamkia kitandani bila mtoto, katikati siku mbili hazipo. Akili yako inazitafuta.

Na mtoto wako. Mumeo anajua alipozikwa. Siku moja, si lazima mkiwa wengi, mwambie akupeleke, akuonyeshe, akusimulie alivyokuwa: nywele zake, alifanana na nani, nani alimbeba, aliitwa nani. Kama alimwona, na amekaa nayo miaka miwili peke yake barabarani kati ya Tanga na Tunduma, huenda naye anasubiri kuulizwa.

Kliniki nyingi hufungua saa moja na nusu. Wahi kabla foleni haijajaa, unywe chai kwanza, na ukitoka niandikie presha yako ilisoma ngapi.